Maswali ya Wasomaji: Kompyuta za Tyubu, Zile Zilizowaka Kama Taa

Toleo lililopita tuliweka picha ya ENIAC, ile kompyuta iliyojaa chumba kizima, na tangu hapo maswali yamekuja kibao mpaka nimeamua safu nzima ya leo iwe ya hayo tu. Mengine nimeyaunganisha kwa sababu yanauliza kitu kimoja.

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mmeandika kwamba kompyuta za kwanza zilitumia tyubu za kioo kama balbu. Mi najua balbu inatoa mwanga basi, sasa balbu inahesabuje? Naomba nieleweshwe taratibu maana nimesoma sehemu nyingi na bado sijaelewa.

JIBU: Swali zuri sana hili, na wengi wanaliruka. Chukua kichupa cha kioo, toa hewa yote ndani, ndo maana kinaitwa vakyumu tyubu. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachopashwa moto, hicho kinaitwa kathodi, na kikipata moto kinaanza kurusha elektroni, yani chembe ndogo sana zenye umeme hasi. Upande wa pili kuna bamba, anodi, ambalo lina umeme chanya kwa hiyo linazivuta zile elektroni. Hapo una tyubu ya John Ambrose Fleming wa Uingereza, ya mwaka 1904, inayopitisha umeme upande mmoja tu.

Sasa mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaweka kitu cha tatu katikati, kiwavu kidogo cha waya kinachoitwa gridi, na hapa ndo mambo yote yalipoanzia. Ukiipa gridi umeme hasi kidogo tu zile elektroni zinarudishwa nyuma, mkondo unakatika, ukiondoa ule umeme mkondo unapita tena. Yani umepata swichi ambayo haina kitu chochote kinachosogea, hakuna chuma kinachogonga chuma, na ndo maana inaweza kuwaka na kuzima mara maelfu kwa maelfu ndani ya sekunde moja wakati swichi ya sumaku, ile rilei ya kwenye simu za zamani, inahangaika kufika hata mara mia.

Halafu chukua tyubu mbili uzifunge ili kila moja ikiwaka inamzima mwenzake. Haziwezi kuwaka zote, kwa hiyo ama huyu anapitisha ama yule, na zinabaki hivyo hivyo mpaka uzisukume kwa umeme mwingine. Hiyo ni sifuri na moja tayari, na ni kumbukumbu pia, maana imekumbuka ulichoiambia mara ya mwisho. Waingereza wawili, Eccles na Jordan, waliibuni sakiti hiyo mwaka 1918 na wala hawakuwa wanafikiria kompyuta. Ukipanga jozi kama hizo kwenye mstari unaweza kuhesabu. ENIAC ilihesabu kwa kumi kumi kama sisi tunavyohesabu, kila tarakimu ilikuwa na duara la jozi kumi, na kwa tarakimu MOJA tu ilihitaji tyubu 36. Fikiria sasa namba yenye tarakimu kumi, na mashine ilikuwa na sehemu 20 za kutunza namba kama hizo. Ndo unaona kwa nini ilijaa chumba.

SWALI: Mmesema ENIAC ilikuwa na tyubu zaidi ya elfu 17. Nyumbani taa moja tu inaungua kila baada ya muda. Walifanyaje isizime kila saa? Au ilikuwa inazima kweli?

JIBU: Ndugu yangu umegusa penyewe, kwangu mimi hili ndo swali kubwa kuliko lile la kompyuta ipi ilikuwa ya kwanza, lililopo hapa chini. Kujumlisha namba kwa tyubu wengi walijua kwamba inawezekana, shida ilikuwa hakuna aliyeamini kwamba tyubu elfu kadhaa zinaweza kufanya kazi kwa pamoja muda wa kutosha kumaliza hesabu moja.

Hebu tupige hesabu. Tuchukulie mfano tu tyubu moja inaishi kwa wastani masaa 2,500. Peke yake kwenye redio ni muda mrefu. Lakini ENIAC ilikuwa na tyubu 17,468, gawanya utaona kuna moja itakayokufa kila baada ya dakika 8 na kidogo hivi, na moja ikifa jibu lote limeharibika. Kwa hiyo waliosema haitafanya kazi hawakuwa wajinga, walikuwa wamepiga hesabu hiyo hiyo.

J. Presper Eckert, mhandisi mkuu wa ENIAC pale Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu wakati kazi inaanza mwaka 1943, na alichofanya ni kukataa kuamini kile kilichoandikwa kwenye boksi la tyubu. Kama mtengenezaji amesema tyubu inavumilia umeme kiasi fulani yeye aliipa pungufu, kama inavumilia moto kiasi fulani aliipa pungufu. Sehemu za kuhesabia alizifanya ziwe za kuchomoa na kuchomeka ili ikiharibika moja unaitoa nzima unaweka nyingine, unatafuta ugonjwa baadaye mashine inaendelea. Na hata waya, wanasimulia kwamba walifungia panya wakawapa waya za aina mbalimbali waone ni zipi hawazitafuni, hizo ndo zikanunuliwa. Mimi kisa hicho nakipenda sana kwa sababu kinaonyesha mtu aliyefikiria kila njia ambayo kazi yake inaweza kufa.

Jambo lingine, na hili ndo kubwa, tyubu nyingi hazifi wakati zinafanya kazi, zinakufa wakati wa kuwasha na kuzima. Chuma kinapata moto kinatanuka, kinapoa kinasinyaa, ukirudia rudia kinakatika, ndo maana hata taa ya kawaida mara nyingi inaungua pale unapobonyeza swichi. Kwa hiyo dawa ni usizime. Mwanzoni ENIAC ilipoteza tyubu kadhaa kwa siku, baadaye walipoacha kuizima na kupata tyubu bora ikashuka mpaka moja kila siku mbili hivi, na mwaka 1954 ilikwenda masaa 116 bila hitilafu yoyote. Sasa rudi kwenye hesabu yetu, tyubu moja kila masaa 48 kati ya 17,468 maana yake ni kama kila tyubu inaishi masaa zaidi ya laki nane. Kutoka kwenye zile 2,500 za mfano wetu! Huo ni ufundi wa hali ya juu kabisa na sijui kwa nini vitabu vingi vinaupita kwa sentensi moja.

Na huyu Eckert hakuwa peke yake. Kabla yake Tommy Flowers, mhandisi wa Posta ya Uingereza, alikuwa ameshajua siri hiyo hiyo ya kutozima kwa sababu kabla ya Vita Kuu ya Pili alishafanya kazi na tyubu kwa maelfu kwenye mitambo ya simu, na mitambo ya simu huwa haizimwi. Wakubwa walipomwambia tyubu elfu moja na zaidi kwenye mashine yake ya Colossus, tutaifikia mbele, haziwezekani yeye alikuwa anajua zinawezekana, ameshaziona kwa macho yake.

Kuna ugonjwa mwingine niutaje kidogo maana mafundi mtaufurahia. Tyubu zilizokaa muda mrefu zikiwa na moto lakini zimefungwa, hazipitishi kitu, siku ukizihitaji unakuta zimelegea, na waliita ugonjwa wa usingizi. Watu wa kompyuta ya Whirlwind pale chuo cha MIT, Marekani, waliufuatilia mpaka wakakuta chanzo ni silikoni kidogo iliyochanganyika kwenye nikeli ya kathodi, wakaagiza tyubu zenye nikeli safi. Tena wao walikuwa na tabia nzuri ya kuisumbua mashine makusudi, wanapandisha na kushusha umeme kidogo wakati wa ukaguzi ili tyubu dhaifu ijitokeze wakati huo, isije kufa katikati ya kazi.

SWALI: Kuna mtu kaniambia neno "bug" (mdudu), wanaloita kosa la kwenye programu, limetokana na mdudu aliyeingia kwenye tyubu za kompyuta ya kwanza. Kweli?

JIBU: Nusu tu. Yule mdudu, nondo, alikuwepo kweli, tarehe 9 Septemba 1947, kwenye kompyuta ya Harvard Mark II, wakambandika kwenye daftari la kazi na daftari lipo mpaka leo. Lakini ile mashine ilikuwa ya rilei na nondo alibanwa kwenye rilei, tyubu hazihusiki. Na neno lenyewe wahandisi walishalitumia miaka mingi kabla, hata Thomas Edison aliliandika kwenye barua zake miaka ya 1870.

SWALI: Sisi darasani tumefundishwa ENIAC ndiyo kompyuta ya kwanza ya kielektroniki. Kaka yangu anabisha anasema ni Colossus, na rafiki yake anasema ni ya Atanasoff. Tumebishana mpaka usiku. Tuamulie.

JIBU: Mwambie kaka yako hajakosea, na mwalimu wako hajakosea sana, inategemea unauliza nini.

John Atanasoff na mwanafunzi wake Clifford Berry, chuo cha Iowa State, walitengeneza mashine yenye tyubu kama 300 kati ya 1939 na 1942. Ilikuwa ya kazi moja tu, kutatua milinganyo mingi kwa pamoja, mpaka 29, na huwezi kuipangia kazi nyingine. Vita ikaja, Atanasoff akaondoka, mashine ikaachwa na baadaye ikabomolewa. Lakini John Mauchly, mwenzake Eckert kwenye ENIAC, alikuwa ameenda kuiona mwaka 1941, na jambo hilo likaja kuwa kesi kubwa mahakamani. Tarehe 19 Oktoba 1973 jaji Earl Larson alifuta hataza (haki ya uvumbuzi) ya ENIAC na kusema kwamba wazo la msingi lilitoka kwa Atanasoff. Kwa hiyo kisheria, Atanasoff.

Colossus sasa. Hiyo ilijengwa na Flowers na watu wake pale Dollis Hill, London, kwa miezi 11 hivi, na mapema 1944 ilikuwa Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kufungua siri za adui, inafanya kazi ya kusaidia kufungua siri za mashine ya Lorenz ambayo majenerali wa Ujerumani walitumia kuandikiana. Ya kwanza ilikuwa na tyubu kama 1,500 hivi, ya pili 2,400, na hiyo ya pili iliwaka tarehe 1 Juni 1944, siku tano kabla ya majeshi ya Washirika kushuka Normandy, Ufaransa. Ilisoma utepe wa karatasi herufi 5,000 kwa sekunde. Walijaribu kwenda kasi zaidi, walipofika 9,700 karatasi ikachanika chanika, tyubu zenyewe bado zilikuwa na nguvu. Mpaka vita inaisha zilikuwa kumi. Hata hii nayo ilikuwa ya kazi maalum, unaweza kuibadilisha kwa swichi na plagi lakini huwezi kuipa hesabu yoyote unayotaka.

ENIAC ilionyeshwa kwa watu Februari 1946, na hiyo ndo ya kwanza ya kielektroniki ambayo unaweza kuipangia hesabu ya aina yoyote na ikafanya. Ilijumlisha mara 5,000 kwa sekunde. Kwa hiyo mwalimu wako anaongelea hiyo.

Kinachoniuma kwenye ubishi huu ni Flowers. Colossus ilikuwa siri ya taifa, nyingi zikavunjwa vipande vipande baada ya vita, na mwaka 1960 akaamriwa aharibu michoro, akaichoma kwenye tanuri pale pale kazini kwake. Alipewa zawadi ya pauni 1,000 ambazo hazikufika hata hela zake mwenyewe alizotoa mfukoni kununua vifaa. Zaidi ya miaka 25 dunia nzima ikawa inaambiwa ENIAC ndo ya kwanza na yeye anajua na hawezi kufungua mdomo. Siri ikaanza kutoka miaka ya 1970.

SWALI: Kwenye ile picha kuna wanawake wamesimama mbele ya mashine. Walikuwa makarani? Au walipigwa picha tu ili ipendeze?

JIBU: Asante dada kwa kuuliza, kwa sababu kwa miaka mingi watu wengi walidhani hivyo hivyo, wanamitindo wameletwa wapambe picha. Hao ni waandaaji wa programu, na walikuwa sita: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Kabla ya hapo kazi yao iliitwa "kompyuta", ndiyo, hilo lilikuwa jina la cheo cha mtu. Mtu anakaa na mashine ya kuhesabia mezani anatafuta kombora litaruka njia gani, njia moja inamchukua masaa 20 au zaidi.

Walipopewa ENIAC hakukuwa na kitabu cha maelezo wala lugha ya programu. Walipewa michoro ya sakiti, na mwanzoni hata kuingia kwenye chumba chenyewe walikuwa hawaruhusiwi, wakajifunza mashine kutoka kwenye karatasi. Kupanga hesabu kulikuwa ni kuvuta kebo kutoka sehemu moja hadi nyingine na kuweka swichi, swichi zenyewe zilikuwa 6,000, kazi ya siku kadhaa. Na tyubu ikifa wao waliweza kukuambia ni ipi, kwa sababu waliijua mashine mpaka ndani. Siku ya maonyesho 1946 hesabu iliyowashangaza wageni iliandaliwa na Jennings na Snyder, ENIAC ikatoa njia ya kombora kwa sekunde kama 20, kombora lenyewe lingechukua 30 kufika. Usiku kulikuwa na karamu. Wao hawakualikwa.

SWALI: Kama kupanga kazi kulichukua siku kadhaa basi faida yake iko wapi? Na ile kumbukumbu ya zebaki niliyosikia ni kweli au uzushi?

JIBU: Ni kweli kabisa, na maswali yako mawili yana jibu moja. Wenyewe wa ENIAC waliliona tatizo hilo mashine ikiwa bado inajengwa. Suluhisho ni kuweka maelekezo ndani ya kumbukumbu pamoja na namba, wazo lililosambaa kupitia ripoti ya mwanahisabati John von Neumann ya Juni 1945, ingawa lilitoka kwenye mazungumzo ya kundi zima na Eckert na Mauchly hawakufurahi kuona jina moja tu juu ya karatasi. Lakini ukitaka kumbukumbu kubwa kwa kutumia jozi za tyubu utahitaji jengo zima la tyubu. Lazima njia nyingine.

Njia moja ni zebaki. Unachukua bomba la zebaki lenye urefu wa mita moja na nusu hivi, upande mmoja unagonga kwa mawimbi ya sauti, moja ni mgongo wa wimbi, sifuri ni kimya. Sauti inasafiri taratibu ukilinganisha na umeme, inachukua kama sehemu moja ya elfu ya sekunde kufika mwisho, na ndani ya muda huo umeshapanga mamia ya alama kwenye foleni humo humo ndani ya zebaki. Zikifika mwisho unazisikiliza, unazisafisha kwa tyubu, unazirudisha mwanzo. Namba zinazunguka tu. Kifaa kilitoka kwenye rada, na Maurice Wilkes pale Cambridge alikitumia kwenye EDSAC iliyofanya kazi mara ya kwanza tarehe 6 Mei 1949, tyubu kama 3,000.

Njia ya pili ni skrini kama ya televisheni ya zamani. Ukipiga mwale wa elektroni kwenye kioo unaacha chaji kidogo, inakaa sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo unaisoma na kuiandika upya haraka kabla haijapotea. Freddie Williams, Tom Kilburn na Geoff Tootill wa Manchester walijenga mashine ndogo ya kujaribu hiyo, waliiita Baby, na tarehe 21 Juni 1948 iliendesha programu iliyotunzwa kwenye kumbukumbu, ya kwanza kabisa. Maelekezo 17. Ilitafuta kigawo kikubwa kuliko vyote cha 262,144, ukiacha namba yenyewe, kwa kujaribu namba moja moja ikishuka, dakika 52, ikatoa 131,072. Mimi na wewe tunajua jibu bila kujaribu, ni nusu yake tu, lakini walichagua hesabu ndefu makusudi waone kama mashine itavumilia dakika zote hizo bila kukosea, tumerudi kule kule kwenye tyubu kufa.

SWALI: Je kuna yoyote ambayo bado ipo mtu akaiona? Na ziliisha lini?

JIBU: Ziliisha polepole. Transista, kile kiswichi kidogo kilichokuja kuchukua nafasi ya tyubu, iligunduliwa maabara ya Bell Labs, Marekani, Desemba 1947, yani kabla hata Baby haijawaka, lakini za mwanzo zilikuwa ghali na haziaminiki, kwa hiyo tyubu ziliendelea miaka ya 1950 yote, na mitambo ya SAGE ya jeshi la anga la Marekani, yenye tyubu 49,000 hivi kila mmoja kwenye kompyuta zake mbili pacha, mingine ilifika miaka ya 1980. ENIAC ilizimwa tarehe 2 Oktoba 1955 saa 5 na dakika 45 usiku, vipande vyake vimegawanywa makumbusho mbalimbali.

Ukifika Melbourne, Australia, ipo CSIRAC ya mwaka 1949, karibu nzima ingawa haiwashwi. Uingereza kwenye makumbusho ya kompyuta pale Bletchley Park kuna Harwell Dekatron ya 1951, hiyo tyubu zake za kutunza namba zina gesi ndani na siyo utupu, ilifufuliwa 2012 na unaiona ikihesabu kwa taa zake.

Na hapo hapo kuna Colossus. Siyo ile yenyewe, ni iliyojengwa upya na Tony Sale na wenzake kuanzia 1993, wakiwa na picha chache na vipande vya michoro ambavyo baadhi ya mafundi walivificha nyumbani badala ya kuvichoma. Ilipowashwa tarehe 6 Juni 1996 Tommy Flowers mwenyewe alikuwepo, ana miaka 90, miaka 36 tangu aingize michoro yake kwenye tanuri.